Trakta ina kiti kimoja

Maneno ya komite ya mashamba mbele ya wanachama, Lukafu, kabla ya mvua za kwanza. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwako siku ile, na kwa wafadhili wetu wanaotusoma kutoka mbali.



Tunajua wengi mmekuja kusikia kitu kimoja: orodha ya mashamba, nani atalimiwa kwanza na nani atangoja. Orodha iko, itasomwa. Lakini mbele ya orodha tunaomba masikio yenu kwa mambo ya trakta yenyewe. Mvua ziko njiani, na mara zinapoanguka kila mtu atakuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hasikii. Njo maana tunasema leo, udongo ungali mkavu na vichwa vingali vimetulia.

Tulivyoondoka hapa kila mtu anajua kwa upande wake. Kuna waliokimbia miaka ile ya 2002 mpaka 2006, wakati nchi iliyo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ilipoitwa pembetatu ya kifo. Kuna waliokimbia tangu 2011, wakati wa Bakata Katanga. Wengine walilala Dubie, wengine Likasi, wengine kwa jamaa Lubumbashi, wengine walivuka mpaka Zambia wakakaa kambi ya Kala au ya Mwange hadi HCR ilipowarudisha. Hatusemi haya ili kufungua vidonda. Tunayasema kwa sababu yanahusu trakta moja kwa moja.

Shamba lililoachwa miaka mitano au kumi si shamba lile uliloliacha. Pori limeota. Watu wa makala wamepita, wamekata miti na kuacha visiki vya urefu wa goti, kisha majani yamekuja kuvifunika. Kuna mashimo ya mhanga, kuna mashimo ya tanuru za makala, kuna misingi ya nyumba zilizochomwa. Kuna visima vya zamani, na mzee aliyejua fasi yake alizikwa ukimbizini. Jembe la mkono likigonga kisiki, mkono unauma, unapumzika, unaendelea. Trakta ikigonga kisiki, ni habari nyingine kabisa, na tunataka tuieleze polepole.

Wengine wanafikiri trakta haiwezi kupinduka kwa sababu ni nzito. Uzito huo njo unaua. Trakta inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kama kile inachovuta kimeshikwa na ardhi, tuseme kisiki au mzizi mnene, na injini inaendelea kutoa nguvu, basi magurudumu yanakataa kwenda mbele na mwili wa trakta unaanza kuzunguka juu ya ekseli. Pua inapanda. Kisha trakta nzima inaanguka kwa mgongo, na shofere yuko chini yake. Tangu pua kuanza kupanda mpaka kufika chini ni kama sekunde moja na nusu. Nusu ya muda huo ikipita, hata ukikanyaga klachi umechelewa. Mtu hajamaliza kusema "Yesu wangu."

Ubaya huu ulijulikana zamani. Trakta za Fordson, zilizoanza kuuzwa mwaka 1917, zilikuwa na sifa hiyo mbaya: jembe likigonga jiwe, trakta inasimama kama farasi na kumgeukia mtu wake. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kufunga jembe kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ili jembe likigonga kitu nguvu ile isukume pua chini badala ya kuiinua. Mikono mitatu mnayoiona leo nyuma ya trakta yetu ni kazi ya akili yake. Lakini akili hiyo inakulinda kama jembe limefungwa pale tu. Siku ile unapochukua mnyororo ukaufunga juu, kwenye ekseli au kwenye tundu la mkono wa juu, ili ung'oe kisiki cha jirani, umerudi mwaka 1917.

Mnyororo fasi yake ni chini, kwenye chuma cha kuvutia. Hata hivyo sisi wa komite tumekwenda mbele zaidi: trakta ya chama haing'oi visiki, hata kimoja. Kisiki kinatolewa kwa shoka, sululu na moto, au kinawekwa alama na kuzungukwa. Tunajua kuna wenye kunung'unika, wanasema tumenunua ndovu ili abebe yai. Wanung'unike. Kisiki cha mwombo kina mizizi kuliko kiburi chetu.

Kupinduka kwa ubavu nako kupo, na hapa kwetu kuna sababu mbili. Ya kwanza ni vichuguu. Wageni wakifika Katanga wanavipiga picha, kwa sababu vingine ni virefu kuliko nyumba. Kile kirefu hakina shida, kila mtu anakiona. Shida ni kichuguu cha zamani kilichoshuka, kimebaki kama mgongo wa kobe chini ya majani. Gurudumu la upande mmoja linakipanda, la upande wa pili liko kwenye mtaro, na kwisha. Sababu ya pili ni miteremko na kingo za vijito huku chini ya Kundelungu. Ukingo unaonekana mgumu mpaka uzito uufikie. Kanuni ambayo shofere wetu anaifuata ni rahisi: kama mtaro una kina cha mita mbili, gurudumu halisogei karibu zaidi ya mita mbili. Kamba ya ardhi inayobaki utailima kwa mkono, mama, usimlazimishe. Na kwa kona: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayoisukuma trakta kupinduka haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Njo maana kijana anayegeuka mbio mwishoni mwa shamba ili wasichana wamwone hatapewa ufunguo wetu.

Sasa juu ya chuma cha kumlinda shofere. Mwaka 1959 nchi ya Sweden iliamuru kwamba kila trakta mpya iuzwe na fremu ngumu juu ya kiti, ile ambayo trakta ikipinduka inabeba uzito badala ya mbavu za mtu. Baadaye trakta za zamani nazo zikafungwa fremu, na vifo vya kupinduka kule vikashuka mpaka karibu kwisha. Watu wa Sweden hawakuwa wamejifunza kuendesha vizuri zaidi kwa ghafula. Waliendelea kukosea, lakini kosa halikuwa tena hukumu ya kifo. Marekani watengenezaji walikubaliana tu mwaka 1985 kuiweka kwenye trakta mpya, na mpaka leo kule bado kuna trakta za zamani zisizo nayo. Kwa hiyo tusione haya kwamba yetu, iliyotufikia ya mkono wa pili, ilikuja bila fremu. Haya itakuwa kama tutaiacha hivyo.

Hapa kuna mtego. Paa la bati lililofungwa juu ya kiti si fremu. Linakinga jua, basi. Trakta ikipinduka linakunjika kama karatasi, na pengine linamnasa mtu ambaye angeweza kuruka. Vilevile mabomba ya maji yaliyounganishwa kwa moto katika atelye fulani ya mjini, hata kama fundi ni ndugu yako, si fremu. Fremu ya kweli imetengenezwa kwa aina ile ya trakta, imejaribiwa, na inashikwa kwa bolti kwenye ekseli. Chuma kikichomelewa ovyo kwenye ekseli kinaweza hata kuidhoofisha. Ikishakuwako fremu, shofere anafunga mkanda, siku zote, hata kwa mita mia. Pasipo fremu, hafungi mkanda, kwa sababu mkanda ungemfunga pamoja na mauti. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, msiyatenganishe.

Mama zetu, sehemu hii ni yenu hasa. Msimu wa kupukuchua, trakta inasimama na kuzungusha mashine kwa kardani, chuma kile kirefu kinachotoka nyuma. Wengi mnaogopa magurudumu, lakini kardani mnaipita kama mnavyopita mlango wa jikoni. Kardani ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, ni kusema mara tisa kwa sekunde moja. Kama mzunguko wa chuma chenyewe ni sentimita 25, basi kwa sekunde moja kinameza zaidi ya mita mbili za nguo. Kikwembe kimoja kizima, sekunde moja. Na kikwembe hakiendi peke yake, kinakwenda na aliyekifunga. Hakuna mwenye nguvu za kuvuta dhidi ya injini. Hakuna pia muda wa kupiga kelele ili shofere azime.

Kwa hiyo: kifuniko cha plastiki cha kardani kikipasuka, mashine inasimama siku hiyo hiyo mpaka kipya kifike. Hatukubali kifuniko cha gunia na waya, tumekwisha kukiona. Anayelisha mashine mahindi anafunga kikwembe kwa ndani na kuvaa suruali au koti lililobana. Nywele ndefu zinafungwa kwenye kitambaa. Hakuna kubeba mtoto mgongoni karibu na mashine. Hakuna kuruka juu ya kardani, hata inapozunguka polepole. Unazunguka mbele ya trakta, ni hatua ishirini. Mashine ikikwama, shofere anazima injini, anatoa ufunguo na kuuweka mfukoni, ndipo mkono wa mtu unaingia. Siyo "nitatoa haraka haraka."

Tufike sasa kwenye jambo ambalo tunajua litatuletea maneno. Kiti.

Trakta ina kiti kimoja. Iliundwa hivyo. Bawa la gurudumu si kiti, chuma cha kuvutia si kiti, na ngazi pia. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia: "Miye napandaka trakta tangu wakati ya Mobutu, sijaangukaka hata siku moya." Tunamwamini. Lakini mzee, waliokaa juu ya bawa na wakaanguka, wengi hawako hapa kuinua mkono. Bawa linateleza, halina cha kushika, na chini yake kabisa kuna gurudumu kubwa linalokwenda mbele. Mtu akianguka kutoka bawani haanguki pembeni, anaanguka mbele ya gurudumu au nyuma, mbele ya jembe. Shofere anaangalia mbele na injini inapiga kelele. Atajua mwishoni mwa mstari.

Watoto ni zaidi. Kwa mtoto wa Lukafu trakta ni sinema. Inapita, wanakimbia nyuma, wanadandia remorki, mmoja anaruka na kushuka kuonyesha ujasiri. Na baba wengi, tuseme kweli, wanampakata mtoto kwenye usukani kwa furaha. Tunaelewa furaha hiyo. Kwa mtu aliyelala miaka chini ya turubai, kumweka mtoto wake juu ya trakta inayolima shamba lake mwenyewe si jambo dogo. Mpige picha injini ikiwa imezimwa, ufunguo ukiwa kwa shofere. Kisha ashuke.

Kabla ya kuwasha, shofere anazunguka trakta yote kwa miguu, anaangalia chini yake na chini ya remorki. Anafanya hivyo kila mara, hata kama alisimama dakika tano tu. Watoto wanapenda kivuli, na kivuli cha trakta ni kizuri.

Na remorki? Hapa tulibishana komite nzima siku mbili. Mama ametoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, ameinama shambani mpaka saa tisa, sasa remorki inarudi na magunia, naye atembee nyuma kwenye vumbi kilomita saba? Na mnajua jinsi wanavyomwomba shofere: "Shofere, tubebe basi, tuko batatu tu." Watatu wanakuwa kumi na wawili. Wanakaa juu ya magunia, juu kabisa, ambapo hakuna cha kushika. Trakta inateremka, uzito wa remorki unaisukuma kutoka nyuma, na remorki yetu haina freni zake. Kama shofere ametoa vitesi ili aokoe mazuti kidogo, basi freni za trakta peke yake zinabeba trakta, remorki, magunia na watu kumi na wawili. Zikiungua, hakuna kitu cha kuisimamisha isipokuwa mtaro.

Tumekata shauri: magunia yanapanda, watu wanatembea. Lakini sheria inayomchosha mama bila kumpa kitu haitadumu wiki mbili. Kwa hiyo wakati wa mavuno remorki itafanya safari ya kwanza saa sita, ili mama waliomaliza wabebewe mizigo na kurudi mapema, mikono mitupu, jua lingali juu. Majembe, mabakuli na maji pia yanapanda remorki. Mzigo wa kichwani ndio unaochosha njia, na mzigo huo tunaweza kuubeba.

Kuna jambo moja tumeliruhusu, na tunalisema wazi ili lisiwe mlango wa nyuma. Mgonjwa, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, wakati hakuna pikipiki wala gari na njia imeharibika kwa mvua. Ukimwambia mtu huyo sheria ni sheria, una moyo wa jiwe. Atabebwa ndani ya remorki tupu, amelala chini juu ya godoro au majani mengi, mbao za pembeni zimefungwa pande zote, mtu mmoja tu wa kumshika, naye anakaa chini, hasimami. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Vitesi vya chini kwenye mteremko, na pedale mbili za freni zimeunganishwa, kwa sababu ukikanyaga moja peke yake barabarani trakta inageuka ghafula. Usiku, mtu atembee mbele na taa. Tukumbuke kwamba Lubumbashi iko zaidi ya kilomita mia kutoka hapa; trakta inamfikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya cha karibu, haimfikishi mjini. Na mtu aliyevunjwa na trakta yuko umbali ule ule. Hilo tunawaomba mliweke moyoni mnapohesabu hatari: jeraha ambalo mjini lingeponywa, hapa mwezi wa pili linaweza kuua.

Sasa juu ya shofere mwenyewe. Hapa tunataka mtusikilize vizuri kuliko pote.

Mpaka msimu uliopita shofere alilipwa kwa hekta. Ilionekana haki: anayelima zaidi anapata zaidi. Lakini fikirini maana yake. Akisimama kutembea shambani kutafuta visiki, anapoteza franka zake. Akikataa mteremko, anapoteza. Akingoja kifuniko cha kardani, anapoteza. Tunamwambia "uwe mwangalifu" kwa mdomo, na kwa mfuko tunamwambia "kimbia." Mtu mwenye watoto anasikia mfuko. Kisha yeye ni kijana, na anayemwambia "pita tu, hapo hakuna kitu" ni mzee wa ukoo, mwenye shamba, pengine baba mkwe wake. Atamkataaje?

Kwa hiyo tangu msimu huu shofere na msaidizi wake wanalipwa kwa siku. Wakilima hekta tatu au wasilime hata moja kwa sababu shamba halijasafishwa, siku imelipwa. Na shofere ana haki ya kusema hapana. Anasema hapana mara moja, bila kubishana, anaandika katika daftari: tarehe, shamba, sababu. Akiona kazi ni ya hatari, kapita wa shamba hamwamuru, mwenye shamba hamwamuru, na sisi komite pia hatumwamuru siku ile. Jumamosi komite inasoma daftari na kwenda kuona fasi ile. Kama alikuwa mvivu, tutajua. Tangu mwaka 2001 Shirika la Kazi la Kimataifa limeandika katika mkataba namba 184, unaohusu usalama katika kilimo, kwamba mfanyakazi wa shamba ana haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kupata hasara kwa sababu hiyo. Haki hiyo tunaileta mpaka Lukafu, ndani ya daftari la kurasa mia.

Upande wake naye ana deni. Shofere aliyekunywa lutuku usiku hapandi asubuhi, hata kama anasema kichwa kimetulia. Hamwachii ndugu yake "azungushe kidogo tu." Akishuka, jembe linateremshwa mpaka chini, freni ya mkono, injini zima, ufunguo mfukoni. Hakuna mtu kuingia chini ya jembe lililoinuliwa, hata kufunga nati moja. Mafuta yakivuja linashuka bila kukohoa. Na uvujaji wa mafuta hautafutwi kwa kidole, kwa sababu mafuta yenye nguvu ile yanatoboa ngozi. Unapitisha kipande cha karatoni. Kifuniko cha radiatere hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Mazuti yanatiwa injini ikiwa imezimwa na hakuna sigara karibu.

Batri. Mnaijua desturi: batri imechoka, basi trakta inalazwa kwenye mteremko ili asubuhi iwashwe kwa kuserereka. Au fundi anasimama kati ya magurudumu, anagusisha turnevisi kwenye stata. Trakta ikiwa ndani ya vitesi, inawaka na kumpitia palepale aliposimama. Vitu viwili hivi vimekatazwa. Batri ikifa tunanunua batri. Sanduku la chama lina fungu la hilo, na hilo fungu halikopeshwi kwa matanga wala kwa harusi.

Tena neno fupi juu ya vyuma. Tumerudi kwenye nchi iliyopita vita. Ukisafisha shamba ukaona chuma usichokijua, kiwe kidogo kama kopo au kirefu kama chupa, usikiguse, usikipige, usikichome na majani. Simama, rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, mwambie shefu wa kijiji na komite. Trakta haiingii shamba hilo mpaka wenye kazi hiyo wafike. Tunajua kungoja kunaweza kula msimu. Mwenye shamba hilo atapewa kipande cha kulima kwenye ardhi ya chama kwa msimu huo, hatabaki mikono mitupu.

Wafadhili wetu, neno lenu sasa. Mmetusaidia na tunawashukuru kwa moyo. Kila mwaka mnatuuliza: hekta ngapi? Ni swali la haki, fedha ni zenu, na mwaka huu tutawajibu tena kwa hekta. Lakini kwa kulipa shofere kwa siku na kutembea kila shamba kwanza, inawezekana hekta zitapungua msimu huu. Mkiona hesabu imeshuka, msifikiri tumelala. Na kuna wenye moyo mwema wanaotaka kutupa trakta ya pili. Tunaomba mtuvumilie: mbele ya trakta ya pili tunaomba fremu ya ile ya kwanza, mkanda wake, kifuniko kipya cha kardani na cha akiba, freni za remorki na taa zake za nyuma, na kijana wa pili apelekwe kujifunza udereva na ufundi kwa INPP Lubumbashi ili shofere wetu awe na mtu wa kumpokea akichoka. Vyote pamoja ni pungufu sana ya bei ya trakta. Havipigwi picha vizuri, tunajua. Kifuniko cha plastiki cha manjano hakipendezi ukutani kwa ofisi.

Orodha ya mashamba itasomwa sasa hivi. Mtaona kila jina lina alama mbili za kujazwa: shamba limetembewa, na visiki vimewekwa alama. Jina lisilo na alama zote mbili linashuka chini ya orodha, hata likiwa la mtu wa komite. Tunaanza kutembea Jumatatu, mashamba ya upande wa kijito kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Kila mwenye shamba aje na fimbo ndefu, panga, na vitambaa vyeupe vya kufunga kwenye visiki. Wenye magunia ya zamani ya unga wayakate vipande, yanaonekana kwa mbali. Wazee wanaokumbuka visima vya zamani tunawaomba waje hata kama mashamba yao hayako upande huo. Tutawabeba kwa kinga. Shofere atakuja pia, kwa miguu. Trakta itabaki nyumbani siku hiyo.